Kitenzi 'Dig' katika Misimu ya Kiingereza: Maana, Chimbuko na Mizani ya Ushahidi

Ikisiri

Makala haya yanachunguza maana na chimbuko la kitenzi 'dig' kama kinavyotumika katika misimu ya Kiingereza cha Marekani kwa maana ya kuelewa, kutazama na kupendezwa. Nadharia tatu zinajadiliwa: ile inayokihusisha kitenzi hiki na Kiwolofu, ile inayokihusisha na Kiayalandi, na ile inayodai kuwa ni upanuzi wa maana ya kawaida ya kuchimba. Inaonyeshwa kwamba nadharia ya Kiwolofu, ambayo imeenea sana katika maandishi kuhusu urithi wa Kiafrika huko Marekani, inawezekana lakini haijathibitishwa. Inaonyeshwa pia kwamba urithi huo una mashahidi wengine walio imara zaidi. Hatimaye vinapendekezwa vigezo vinne vya kupimia dai lolote la kietimolojia kuhusu misimu.

1.0 Utangulizi

Misimu ni sehemu ya msamiati inayomtaabisha sana mwanaetimolojia. Maneno ya namna hii huzaliwa vinywani mwa watu, aghalabu katika kundi dogo linalotaka kujitenga na makundi mengine, na huweza kukaa miaka mingi bila kuandikwa. Mengi hufa kabla ya kufika kamusini. Yale yanayosalia hufika huko yakiwa yamekwisha kupoteza kumbukumbu ya mahali yalikozaliwa. Hapo ndipo hadithi za asili ya neno zinapopata nafasi ya kushika mahali pa ushahidi.

Kitenzi 'dig' ni mfano mzuri wa hali hiyo. Mwanafunzi wa Kiingereza hufundishwa kwamba maana yake ni kuchimba. Hata hivyo, tangu miaka ya 1930 kitenzi hicho hicho kimetumiwa na Wamarekani Weusi, hasa wanamuziki wa jazi, kwa maana ambazo kwa mtazamo wa kwanza hazina uhusiano wowote na jembe wala udongo. Swali linalojitokeza ni lile linalofahamika vema na wanafunzi wa semantiki: je, tuna neno moja lenye maana nyingi, au maneno mawili yaliyokutana katika umbo moja? Kwa mfano wa Kiswahili, hakuna anayedai kwamba 'kaa' wa baharini, 'kaa' la moto na kitenzi 'kukaa' ni neno moja kwa sababu tu yanatamkwa sawa.

Jibu la swali hili lina uzito unaozidi neno lenyewe. Iwapo 'dig' ya misimu ilitoka Afrika ya Magharibi, basi ni ushahidi kwamba Waafrika waliopelekwa Marekani utumwani hawakunyang'anywa lugha zao kabisa. Iwapo haikutoka huko, wale wanaoutumia mfano huu kutetea ukweli huo mkubwa wanaujengea nyumba juu ya mchanga.

2.0 Maana za Kitenzi

Maana ya msingi ya 'dig', yaani kuchimba, imo katika maandishi ya Kiingereza tangu karne ya 14. Kitenzi hiki kilichukua polepole nafasi ya kitenzi cha zamani zaidi, 'delve', ambacho leo kimebaki zaidi katika matumizi ya kitamathali. Kutokana na maana ya kuchimba zilichipuka maana nyingine, kama vile kudukua mtu kwa kidole au kwa kiwiko, na kutafuta jambo lililofichika.

Katika karne ya 19 ilijitokeza maana ya pekee miongoni mwa wanafunzi wa vyuo vya Marekani. Benjamin Homer Hall, aliyechapisha mwaka 1851 mkusanyo wa maneno na desturi za vyuo, aliorodhesha 'dig' kwa maana ya kusoma kwa bidii na kwa muda mrefu. Neno hilo lilitumika pia kumtaja mwanafunzi mwenyewe wa namna hiyo, yule ambaye wenzake humcheka kwa kuwa haachi vitabu.

Maana zinazohusika hasa katika makala haya zinaanza kuonekana katika maandishi katikati ya miaka ya 1930, na zinahusiana na muziki wa jazi. Kiongozi wa bendi Cab Calloway alitoa kamusi ndogo ya lugha ya wanamuziki wa Harlem, iliyoanza kuchapishwa mwishoni mwa miaka ya 1930 na kurudiwa hadi 1944. Humo 'dig' imepewa maana tatu: kukutana na mtu, kutazama au kuona, na kuelewa. Zora Neale Hurston, mwandishi na mtafiti wa fasihi simulizi, naye alikifafanua kitenzi hiki kwa maana ya kuelewa katika faharasa aliyoiambatisha kwenye hadithi yake kuhusu lugha ya Harlem mwaka 1942. Maana ya kupenda au kupendezwa na kitu ilipata nguvu baadaye. Ndiyo iliyoenezwa na vijana wa Kizungu katika miaka ya 1950 na 1960, na kwa njia ya sahani za santuri na filamu ikavuka bahari hadi Uingereza na kwingineko. Siku hizi matumizi hayo yana harufu ya enzi iliyopita, lakini bado yanaeleweka kwa kila mzawa wa lugha hiyo.

Mpangilio huu wa maana unapaswa kukumbukwa, kwani nadharia yoyote ya chimbuko ni lazima ieleze kuelewa pamoja na kuona na kukutana.

3.0 Nadharia ya Kiwolofu

3.1 Hoja zinazoiunga mkono

Mtaalamu aliyeitangaza zaidi nadharia hii ni David Dalby, mwanaisimu wa lugha za Kiafrika katika Chuo Kikuu cha London. Mwaka 1969 alichapisha katika gazeti la The Times orodha ya maneno ya Kimarekani ambayo, kwa maneno ya kichwa cha makala yake, huenda yaliwahi kuwa ya Kiafrika. Aliendeleza hoja hiyo katika makala marefu zaidi ya mwaka 1972. Kwa upande wa 'dig', alielekeza kwenye kitenzi cha Kiwolofu ambacho katika maandishi ya leo ya lugha hiyo huandikwa 'dégg', chenye maana ya kusikia na kuelewa. Ni kitenzi cha kila siku huko Senegal na Gambia: anayetaka kusema kwamba anajua Kiwolofu husema kuwa anakisikia, kama ambavyo Mswahili naye huweza kumwambia mwenzake, "Nimekusikia," akiwa na maana kwamba amemwelewa.

Nadharia hii ina mvuto kwa sababu kadhaa. Kwanza, umbo linakaribiana: konsonanti mbili ni zilezile, na irabu ya mbele ya Kiwolofu ingeweza kupokewa na sikio la Mwingereza kama irabu fupi ya 'dig'. Pili, maana ya kuelewa ipo pande zote mbili bila kuhitaji tamathali. Tatu, neno hili lilisikika kwanza miongoni mwa Wamarekani Weusi. Nne, njia ya kihistoria ipo. Gwendolyn Midlo Hall, katika utafiti wake wa mwaka 1992 kuhusu Louisiana chini ya utawala wa Wafaransa, alionyesha kwamba takriban theluthi mbili ya watumwa walioletwa huko kuanzia mwaka 1719 walitoka Senegambia. Ni katika Louisiana hiyo, mjini New Orleans, ndiko jazi ilikozaliwa.

3.2 Udhaifu wa hoja hizo

Hoja hizi, zikichunguzwa moja moja, zinapungua uzito. Kuhusu njia ya kihistoria, watu wa Senegambia hawakuwa wote Wawolofu. Miongoni mwao walikuwamo wasemaji wa Kibambara, Kimandinka, Kifula na lugha nyingine. Aidha, kati ya kuwasili kwao na kuonekana kwa 'dig' katika maandishi ya jazi zimepita zaidi ya karne mbili. Katika muda huo wote hakuna maandishi yaliyopatikana, iwe ni simulizi za waliokuwa watumwa, hadithi za Krioli ya Louisiana, au mikusanyo ya nyimbo, yanayoonyesha kitenzi hiki kikitumika kwa maana ya kuelewa.

Kuhusu maana, kitenzi cha Kiwolofu kimejengwa juu ya sikio, lakini 'dig' ya Harlem inaelekea zaidi upande wa jicho. Kusikia kunazaa kuelewa kwa urahisi, bali hakuzai kutazama wala kukutana. Mtetezi wa nadharia hii analazimika kudai kwamba neno lilipokewa kwa maana moja kisha likapata nyingine kwa kuathiriwa na Kiingereza. Jambo hilo linawezekana, lakini linahitaji ushahidi wake lenyewe.

Hapa ni haki kumtetea Dalby dhidi ya wafuasi wake. Yeye alitumia neno "huenda", na aliyatoa mapendekezo yake yawe mwanzo wa utafiti. Katika vitabu vilivyofuata, neno hilo la tahadhari lilidondoka njiani, na pendekezo likawa habari iliyothibitika. Mwaka 2004 mwanaleksikografia Jesse Sheidlower, aliyekuwa akihudumu katika kamusi ya Oxford, aliandika makala ya kuonya juu ya mtindo huo, hasa kuhusu neno 'hip', ambalo nalo limehusishwa na Kiwolofu kwa njia ileile.

4.0 Nadharia ya Kiayalandi

Udhaifu wa kutegemea kufanana kwa umbo na maana unaonekana wazi zaidi pale mshindani mwingine anapojitokeza akiwa na silaha zilezile. Katika Kiayalandi, kitenzi cha kuelewa ni 'tuig'. Kwa kanuni za sarufi ya lugha hiyo, konsonanti ya mwanzo hubadilika katika mazingira fulani. Kitenzi kinapofuata kiulizi, sauti t hugeuka kuwa d, hata swali la kumwuliza mtu kama ameelewa hutamkwa kwa silabi inayokaribia sana 'dig'. Mwanaisimu Eric Hamp alikwisha kuitetea asili hii ya Kikelti, na mwaka 2007 Daniel Cassidy aliieneza kwa umma katika kitabu kilichodai asili ya Kiayalandi kwa mamia ya maneno ya misimu ya Marekani. Kitabu hicho kilikosolewa vikali na wanaleksikografia kwa kutojali tarehe wala vyanzo.

Pamoja na ukosoaji huo, hoja ya Kiayalandi kuhusu kuelewa si ya kutupwa. Kiingereza cha Uingereza kina kitenzi kingine cha misimu, 'twig', chenye maana ya kutambua au kuelewa, nacho kimo katika maandishi ya mwigizaji na mtunzi wa tamthilia Samuel Foote ya miaka ya 1760. Wengi wanakihusisha na 'tuig'. Njia ya kihistoria nayo ipo, kwani wahamiaji wa Kiayalandi na Wamarekani Weusi waliishi katika mitaa ya jirani katika miji kama New York katika karne ya 19.

Basi kitenzi kimoja cha herufi tatu kimepata mababu wawili, mmoja Dakar na mwingine Dublin, kila mmoja akiwa na umbo, maana na njia. Wote wawili hawawezi kuwa baba mzazi wa neno hilo. Hili pekee linatosha kuonyesha kwamba vitu hivyo vitatu, vikitajwa kwa jumla tu, havitoshi. Msomi wa Kiswahili naye, akitaka, angeweza kuongeza babu wa tatu: kitenzi 'daka', ambacho hutumika kwa mpira na pia kwa maneno, kwa maana ya kuyanasa yanaposemwa. Konsonanti ya kwanza ni ileile, ya pili inakaribiana, na maana haiko mbali. Hakuna anayelipendekeza dai hilo kwa dhati, kwa kuwa biashara ya utumwa iliyofika Amerika ya Kaskazini ilitegemea zaidi pwani za Magharibi na Kati za Afrika. Lakini wepesi wa kulitunga ni onyo. Neno la silabi moja lenye konsonanti mbili za kawaida litapata ndugu wa kubahatisha karibu katika kila lugha itakayopekuliwa.

5.0 Nadharia ya Upanuzi wa Maana

Nadharia ya tatu haihitaji lugha ya kigeni. Inadai kwamba 'dig' ya jazi ni 'dig' ileile ya kuchimba, iliyopita katika ngazi zifuatazo: kuchimba, kutafuta kwa bidii, kusoma kwa bidii, kutia maanani, kutazama, kuelewa, na hatimaye kupenda. Ngazi ya kusoma kwa bidii inathibitishwa na Hall mwaka 1851. Ngazi za kutazama na kuelewa zinathibitishwa na Calloway. Maana ya kukutana nayo inapata maelezo, kwa kuwa katika lugha nyingi kuonana ni kukutana: Mswahili husema "tutaonana" akiwa na maana kwamba watakutana tena.

Kwamba safari hiyo ya maana ni ya kawaida kunathibitishwa na Kiswahili chenyewe. Kitenzi 'chimba' kimezaa 'chimbua' na 'chimbuka', na kutokana nacho tumepata 'chimbuko', neno ambalo wanaisimu wetu hulitumia kila wanapotaka kusema asili. Mtafiti hufukua mambo ya kale na kuchimbua habari. Vivyo hivyo vitenzi vya mkono vimepewa kazi ya akili: mwanafunzi hushika somo na hunasa maana. Kiswahili hakikuazima tamathali hizi kutoka Harlem, wala Harlem haikuziazima kutoka Pwani. Akili ya binadamu huelekea njia hiyo yenyewe, ikiona maarifa kuwa kitu kilichofukiwa kinachohitaji jasho.

Hata hivyo, nadharia hii nayo ina pengo lake, na si haki kulifumbia macho. Hall alikusanya lugha ya wanafunzi wa Kizungu wa vyuo vya kaskazini-mashariki katikati ya karne ya 19. Wanamuziki wa Harlem walikuwa watu wengine, wa wakati mwingine. Hakuna mnyororo wa maandishi unaoonyesha neno likitoka kwa wale na kufika kwa hawa. Ubora wa nadharia hii ni kwamba inazieleza maana zote zilizoorodheshwa, na kwamba haihitaji neno jipya kuingia katika lugha. Kitenzi tayari kilikuwamo kinywani mwa kila msemaji wa Kiingereza, mweusi kwa mweupe, na tamathali ingeweza kuzuka upya wakati wowote.

6.0 Vigezo vya Upimaji

Mjadala huu unaruhusu kuweka vigezo vinne ambavyo dai la kietimolojia kuhusu neno la misimu linapaswa kuvitimiza.

(a) Umbo: mabadiliko ya sauti yafuate kanuni zinazoonekana katika maneno mengine, siyo kufanana kwa mara moja tu. Kadiri neno linavyokuwa fupi, ndivyo kigezo hiki kinavyopaswa kukazwa.

(b) Maana: dai lieleze maana za mwanzo zilizoandikwa, zote, badala ya kuchagua ile moja inayofaa.

(c) Tarehe: neno lionekane katika lugha pokezi kwa wakati unaolingana na kuwapo kwa wasemaji wa lugha toaji, au pengo lililopo lielezwe.

(d) Njia: ijulikane ni watu gani walikutana, wapi, na katika shughuli gani.

Kigezo cha tatu kinahitaji tahadhari maalumu panapohusika watu walionyimwa kalamu. Katika majimbo kadhaa ya kusini mwa Marekani, kumfundisha mtumwa kusoma na kuandika lilikuwa kosa kisheria. Lugha yake iliandikwa na wengine, mara nyingi kwa dhihaka. Kwa hiyo kuchelewa kwa neno kuonekana kitabuni si ushahidi kwamba halikuwapo mdomoni. Ukimya wa maandishi haumhukumu Dalby, lakini haumpi ushindi pia.

7.0 Urithi wa Kiafrika na Mashahidi Wake

Yapo maneno yanayovuka vigezo hivi bila shida. 'Goober', jina la karanga katika majimbo ya kusini, linatokana na 'nguba' ya Kikongo na Kimbundu. 'Gumbo', mchuzi mashuhuri wa Louisiana, linatokana na jina la bamia katika lugha za Kibantu za Angola na maeneo ya jirani. 'Buckra', jina la mzungu katika Kigullah na katika Krioli za Karibiani, linatokana na 'mbakara' ya Kiefik na Kiibibio. Haya ni maneno marefu kuliko 'dig', yenye maana mahususi, yaliyoandikwa mapema, na yanayohusu mambo ambayo Waafrika walikuwa na sababu ya kuyaita kwa majina yao wenyewe.

Ushahidi mkubwa zaidi uliletwa na Lorenzo Dow Turner. Kabla yake, wasomi kama George Philip Krapp walidai katika miaka ya 1920 kwamba usemi wa Wamarekani Weusi haukuwa na chochote cha Kiafrika cha kutajwa, bali ulikuwa mabaki ya lahaja za Waingereza. Turner, ambaye alikuwa Mmarekani Mweusi, alikwenda katika visiwa vya pwani ya Carolina ya Kusini na Georgia katika miaka ya 1930, akarekodi sauti za wasemaji wa Kigullah, na akajifunza lugha za Kiafrika ili aweze kulinganisha. Kitabu chake cha mwaka 1949 kilitoa maelfu ya maneno, mengi yakiwa majina ya watu, yenye asili katika lugha za Afrika ya Magharibi na Kati. Dai la kwamba Mwafrika alifika mikono mitupu lilivunjwa na kitabu hicho kwa data za uwandani.

Kwa hiyo anayetaka kuonyesha mchango wa lugha za Kiafrika huko Marekani hana haja ya kuegemea 'dig'. Anapoliweka mbele neno lenye shaka, anampa mpinzani nafasi ya kulitungua, kisha kudai kwamba na mengine yote ni ya namna hiyo. Wataalamu wa Kiswahili wanaujua mtego huu. Kwa muda mrefu wingi wa maneno yenye asili ya Kiarabu ulitumiwa kudai kwamba Kiswahili si lugha ya Kibantu. Dai hilo halikushindwa kwa kubuni asili ya Kibantu kwa kila neno la Kiarabu. Lilishindwa kwa kuonyesha sarufi, msamiati wa msingi na kanuni za mabadiliko ya sauti, kama walivyofanya Nurse na Hinnebusch mwaka 1993.

8.0 Hitimisho

Makala haya yameonyesha kwamba maelezo yanayobeba ushahidi mwingi zaidi kuhusu 'dig' ya misimu ni yale ya upanuzi wa maana ndani ya Kiingereza chenyewe. Nadharia ya Kiwolofu inabaki kuwa uwezekano, na haiachi nje wazo la kwamba masikio yaliyozoea 'dégg' yalilipokea neno la Kiingereza kwa wepesi zaidi na kulielekeza kwenye kuelewa. Lakini uwezekano si uthibitisho. Hata ikithibitika kwamba mzizi ni wa Kiingereza, kazi ya kulitoa neno shambani na kuliingiza katika muziki na fikra ilifanywa na Wamarekani Weusi, na dunia ililipokea kutoka kwao.

Kwa watafiti wa Afrika Mashariki, ambako Sheng na misimu ya mijini huzaa maneno kila mwaka, funzo ni la vitendo. Wasemaji wa kwanza wa maneno mengi hayo wangali hai. Kuandika leo neno limesikika wapi, kwa nani, na kwa maana ipi, ni kuwawekea watafiti wajao ushahidi ambao mchunguzi wa 'dig' anaukosa.